Mkono Haukuwa na Neno

4 Februari

Mdogo wangu Maswali,

Nakuandikia kwa kalamu kama bibi wa zamani kwa sababu simu haifai. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa chumbani mtu wa sebuleni anakuambia pole. Na mtu wa sebuleni siku hizi ni shemeji yako Fundi, asubuhi mpaka jioni, amelala chali kwenye mkeka na miguu kaipandisha juu ya kiti. Nikipiga simu anasikia. Nikituma ujumbe, simu yenyewe ndiyo hiyo watoto wanachezea. Kwa hiyo nimejificha hapa kazini, nyuma ya dirisha la malalamiko, naandika huku watu wa mita za maji wananikodolea macho.

Sisi wazima. Watoto nao wazima, ila wamebuni mchezo mpya: mmoja analala chini anaguna, mwingine anamletea maji, wa tatu anasema, "Baba, jikaze." Niliwafokea. Kisha nikaenda jikoni nikacheka, na nilipomaliza kucheka nikajikuta nafuta machozi.

Unakumbuka lile kreti lilivyomwangukia Fundi kiwandani, maana wakati ule ulikuwa unapiga simu kila siku. Mifupa ilipigwa picha ikaonekana mizima. Daktari wa kiwanda akampa vidonge na mapumziko, kisha mapumziko mengine. Sasa wamechoka naye. Wanasema arudi kwenye mitambo, ainue na kusukuma kama zamani, la sivyo aache kazi. Mwenyewe anaomba kazi ya kukaa, iwe stoo, iwe getini. Kamati itakaa mwisho wa Machi kuamua. Msimamizi wake ameshasema mbele za watu kwamba Fundi anajisingizia.

Sasa nisikilize vizuri. Kazi yangu ni kusikiliza watu wakiapa kwamba maji hawajayatumia. Nimekaa hapa mpaka namjua mwongo kwa jinsi anavyoishika risiti. Na juzi nilimwona mume wangu dirishani anapiga soga na jirani, anacheka mpaka anajikunja. Anajikunja, Maswali. Nikaingia na ndoo, nikamwomba anipokee. Akasema hawezi.

Siku ya mwaka mpya wewe ulinieleza kwamba huko maabara mna mashine inayopiga picha ya maumivu ndani ya ubongo. Naomba unijibu kwa ufupi, bila kunipeleka darasani. Mashine hiyo inaweza kumjua mtu asiyeumwa?

Fundi asijue kwamba nimeuliza.

Dada yako

*

12 Februari

Dada,

Kwa ufupi ndiyo nini? Ungemwambia samaki atembee. Lakini nitajaribu.

Chumba chetu kiko chini kabisa ya jengo, baridi kama machela ya chuma. Mlangoni unaacha funguo, sarafu, mkanda, hata hereni, kwa sababu mashine ni sumaku kubwa na haina adabu na vyuma. Mtu analala kwenye kitanda chembamba, anaingizwa ndani ya tundu mpaka kifuani. Mkononi tunamfunga kibati kidogo kinachopata moto. Si moto wa kuunguza, ni kama kikombe cha chai unachokishika ukatamani kukiweka chini. Moto unakuja, unakatika, anapumzika. Unakuja tena, anapumzika. Yeye anabonyeza kitufe kutuambia umefika kiasi gani, sifuri mpaka kumi. Kompyuta inachukua picha ya ubongo wakati wa moto, inatoa humo ile ya wakati wa kupumzika, na kinachobaki ndiyo ramani yetu.

Wanafunzi wengi wa chuo hiki wameshapita humo, nami sasa naweza kukaa mbele ya skrini na kukuambia, bila kumwona mtu, kama alikuwa anaumia au alikuwa anawaza chakula cha mchana. Mwezi uliopita Profesa, mkuu wetu, alileta wageni kutoka chama cha waajiri. Tukawafunika macho, yaani si macho yao, ni majina kwenye picha, wakachagua wenyewe, nasi tukawaambia huyu aliumia, huyu hakuumia. Hatukukosea hata mara moja. Mmoja wao alisahau kufunga mdomo.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Anayeumwa tunamjua, na asiyeumwa tunamjua.

Profesa ametafuta muda mrefu mtu aliyeumia kazini, maana mpaka leo tumepima vijana wazima tu. Nilipomtajia shemeji aliinuka kitini. Mlete. Atafikia kwangu, nauli ni ya maabara.

Lakini dada, kwa nini asijue? Fundi si mtu wa kununa.

Mdogo wako,
Maswali

*

20 Februari

Maswali,

Atakuja wiki ya kwanza ya Machi. Nimemwambia mnatibu.

Usianze. Najua unavyokunja uso. Ningemwambia nini? Kwamba mkewe ameomba apimwe uongo? Nimemwambia ndugu yangu yuko kwenye watu wanaoshughulika na maumivu, wana mashine mpya, nenda wakakuangalie. Hilo si uongo, ni ukweli uliokatwa ncha. Alinitazama kidogo, akasema, "Kama wewe unaona vyema." Basi.

Nitakuambia ninachokitaka, ili usije ukadhani dada yako amegeuka nyoka. Nataka mashine iseme anaumwa. Ikisema hivyo nitaichukua picha hiyo mwenyewe mpaka mezani kwa yule msimamizi, nami nitamwomba Fundi radhi kimoyomoyo maisha yangu yote. Ikisema haumwi, basi angalau nitajua niko nyumbani na nani. Kinachonimaliza ni huku kuwa katikati. Namfunika shuka usiku, na mkono huohuo asubuhi unafanya uchunguzi: kikombe kimefikaje juu ya rafu, viatu nani kamvalisha. Nimekuwa askari ndani ya nyumba yangu na nimechoka zamu.

Ukimpokea mpe godoro gumu. Anasema laini linamzamisha.

Dada yako

*

9 Machi

Dada,

Fundi atakuwa amefika nyumbani. Alikuja amesimama, unajua? Kondakta alimwonyesha kiti, akakishika tu mgongo safari karibu nzima. Alipofika kwangu alilala sakafuni, akaniambia chumba changu kinanuka kitabu.

Maabara alikuwa mchangamfu kuliko sisi wote. Alimuuliza mama anayeendesha mashine kama itaonyesha timu anayoishabikia. Kabla ya kulala kwenye kile kitanda akanivuta pembeni, akaniuliza, "Shemeji, hii ndiyo tiba yenyewe?" Nikasema, "Ni hatua ya kwanza." Akaweka sahihi kwenye fomu.

Sasa picha. Nilitaka kukupigia simu nikashindwa, nimeanza barua hii mara nyingi. Ramani yake imefifia. Tulipompa moto mkononi, zile sehemu ambazo kwa wanafunzi huwaka kama taa za barabarani, kwake ziliwaka kidogo sana. Na kwenye kitufe alibonyeza mbili, tatu, mbili. Mashine haikumweka kwenye kundi la wanaoumia.

Profesa ameshaiona, amefurahi, anasema ni matokeo safi. Mimi kuna kitu kinanikereketa na sijakipata. Naomba usifanye lolote kwanza. Nipe muda niangalie tena.

Maswali

*

15 Machi

Maswali,

Umesema nisifanye lolote. Mtu anayetaka mwenzake asifanye lolote haandiki barua kama ile.

Niliisomea kwenye ngazi za ofisi. Nikarudi nyumbani mapema, watoto walikuwa bado shule. Fundi yuko mkekani. Sikuvua hata viatu. Nikamwambia, "Nataka kabati la nguo litoke hapa liende ukuta ule."

Akasema, "Unajua siwezi."

"Mashine inasema unaweza."

Akageuza kichwa, akaniuliza taratibu, "Imesema hivyo?"

Nikasema ndiyo. Nikasema na mengine. Nilisema juu ya jirani na kicheko, juu ya ndoo, juu ya watoto wanaomwigiza. Nilikuwa nayo mengi kumbe, yalikuwa yamepangana foleni.

Akainuka. Unajua anavyoinuka, kwanza ubavu, kisha goti, kisha anatafuta kitu cha kushika. Akaenda kwenye kabati, nguo zimo, masanduku yamepangwa juu, akaweka bega akalisukuma. Lilipiga kelele sakafuni mpaka jirani akachungulia. Akalifikisha ukutani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kama mtu aliyepakwa majivu. Akanawa, akachukua begi dogo, akasema anakwenda kwa kaka yake, watoto wakirudi niwaambie amekwenda kuwasalimu wakubwa.

Sasa nieleze wewe msomi. Mwenye mgongo mbovu anasukuma kabati? Si nimeshapata jibu langu? Mbona basi sili, silali, na kila nikiingia chumbani nakutana na lile kabati mahali pasipo pake nageuka kurudi nje?

Na kuna jingine, bora ulisikie kwangu. Ijumaa msimamizi wake alipita kumwulizia. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia amekwisha kupimwa chuo kikuu, waulizeni huko. Nadhani wameshamwandikia Profesa wako.

Dada yako

*

19 Machi

Shemeji,

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji ya kaka, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hamjafika mbali. Nilijua. Dada yako anaweza mambo mengi lakini uongo haumkai. Siku aliyoanza kunipigia pasi shati la safari kwa upole, nikajua napelekwa kupimwa, si kutibiwa. Nikaenda kwa hiari yangu. Nitakuambia kwa nini, na hili sijamwambia mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujitilia shaka. Daktari anasema mifupa mizima, msimamizi anasema unajisingizia, mke anakutazama ukifunga kamba za viatu. Unafika mahali unajiuliza, hivi kweli naumwa, au nimezoea kulala? Nikasema wacha mashine initazame humo ndani, iniambie hata mimi.

Mkanilaza chali, sawasawa kabisa, bila kuinua miguu. Ndiyo namna ambayo siwezi kulala. Mama wa mashine akaniambia kwenye spika, "Baba, usitikisike, ukitikisika picha inaharibika." Sikutikisika. Uliniambia nibonyeze nikiumia. Nikauliza, nikiumia wapi? Ukasema mkononi tu, mengine niyaache. Basi nikayaacha. Mkono haukuwa na neno. Nikuambie kweli, ule moto ulipokuja nilifurahi, ulikuwa kama mtu amekugusa bega ukageuka ukaangalia kwingine. Ukikatika, narudi mgongoni. Mgongo wenyewe hamkuuliza.

Dada yako anadhani simwoni anaponitazama nikicheka. Nacheka kwa sababu wakati nacheka nakuwa mtu. Baadaye naulipia, yeye akiwa kazini.

Tangu lile kabati, mguu wa kushoto una ganzi. Usimwambie.

Ombi langu ni moja. Usije ukanitetea kwa undugu. Kama picha ile inasema siumwi, waambie kiwandani hivyohivyo, nitatafuta maisha mengine. Kama haisemi hivyo, waambie pia. Ukweli wake tu ndio naomba, uwe wa upande wowote.

Shemeji yako,
Fundi

*

24 Machi

Dada,

Fundi ameniandikia. Hakukusema vibaya hata mstari mmoja, nami nimekatazwa sehemu ya barua kwa hiyo usiniulize. Lakini mguu wake wa kushoto uangaliwe na daktari wa maana, si yule wa kiwanda, tena wiki hii. Nimekwisha kuvunja ahadi, na nitaivunja tena ikibidi.

Nilipoimaliza barua yake nilishuka maabara nikamkuta mwenzetu wa takwimu, yule tunayemwita Bi Desimali kwa sababu hata umri wake anautaja na nukta. Nikamwomba tufungue tena picha za Fundi, lakini safari hii tusiangalie wakati wa moto. Tuangalie wakati wa kupumzika. Akatazama, akavuta kiti, akatazama tena. Kisha akasema, "Huyu amepumzika lini?"

Ndicho kilichokuwa kinanikereketa, dada. Mashine yetu haioni maumivu. Inaona tofauti kati ya kuumwa na kutoumwa. Mwanafunzi mzima anapumzika, anachomwa, anapumzika, na tofauti inajitokeza. Fundi alikuwa anaumwa wakati wa moto na anaumwa wakati wa kupumzika. Tukachukua kuumwa tukatoa kuumwa, tukapata karibu na sifuri, tukasema haumwi. Inawezekana kabisa. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo penye ugumu wangu, maana nilikuandikia kama mtu anayeweza kuapa. Nilikuambia tunamjua anayeumwa. Tulichokuwa tunakijua ni vijana walioshikishwa kikombe cha moto.

Nikaenda kwa Profesa. Ameshaandaa taarifa ya kiwanda, ukurasa mmoja, "hakuna dalili za maumivu makali." Nikamweleza.

"Thibitisha," akasema.

"Siwezi, Profesa. Hatujawahi kupima mtu wa namna yake."

"Basi huna kitu."

"Ndiyo, sina kitu. Wala wewe huna. Naomba tuwaandikie kwamba sisi sote hatuna kitu."

Akavua miwani. Si mtu mbaya, dada, usimfikirie hivyo. Miaka yote anapigania wanaoumwa waaminiwe, na anaamini picha ndiyo itakayowaaminisha. Akaniambia nikisema maneno hayo nje, chama cha waajiri kinachotufadhili kitajitoa, mradi utakufa, na wagonjwa wote watakaokuja baadaye watabaki na midomo yao tu. "Unasema haya kwa ajili ya shemeji yako," akasema. Nikamjibu kwamba hata angekuwa shemeji wa mtu mwingine. Sina hakika kama nilisema kweli.

Amesema taarifa inaondoka kesho. Nikifika mbele ya kamati kuipinga, nisirudi kwenye mradi.

Nitafika. Kamati ni tarehe thelathini.

Maswali

*

27 Machi

Maswali,

Nimeisoma barua yako dirishani pangu, watu wakipiga kioo. Kuumwa ukatoa kuumwa. Nimeifanya hesabu hiyo siku nzima.

Nilikwenda kwa kaka yake. Fundi alinivutia kiti, akauliza watoto wanaendeleaje, akauliza kazi. Nikamwambia samahani. Akasema, "Hakuna shida." Alikuwa na adabu, kama karani anayefunga ofisi. Ningetamani anitukane. Amekubali nimpeleke kwa daktari kesho, lakini alikubali kwa adabu ileile, kama nimemwomba kalamu.

Njoo.

Dada

*

7 Aprili

Dada,

Pale getini tuliagana kama watu wanaofukuzwa, basi lilikuwa linaunguruma na wewe hukuniuliza chochote. Ulimshikia Fundi mkoba tu. Najua hajakueleza yaliyotokea ndani, kwa hiyo nakueleza mimi.

Walikuwa watu watano kwenye meza ndefu, pamoja na msimamizi na daktari wao. Taarifa ya Profesa ilisomwa kwa sauti. Picha ya ubongo wa Fundi ilipitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyeishika aliitazama kwa heshima, hata aliyeishika juu chini. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Mwenyekiti akamwambia akae. Akasema, "Nashukuru, nitasimama." Msimamizi akacheka puani.

Nikaitwa. Nikasema mimi ndiye niliyempima. Nikaeleza moto na mapumziko, nikaona macho yao yanafumba. Basi nikauacha ubongo, nikamwuliza mwenyekiti kama kelele za mtambo pale nje anazisikia. Akasema hapana. Akasikiliza, akasema, "Kumbe upo." Nikasema umekuwa ukinguruma tangu tulipoingia. Mashine yetu ndivyo ilivyo, inasikia kinachoanza na kinachokatika, na maumivu ya mtu huyu hayajakatika tangu kreti limwangukie. Au pengine hayapo. Nikawaambia wazi kwamba picha ile haiwezi kusema lipi ni lipi, na mtu atakayewaambia inaweza anawadanganya, hata akiwa profesa, hata akiwa mimi wa mwezi uliopita.

Msimamizi akauliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema ni mume wa dada yangu. Wakatazamana. Nikajua nimeharibu.

Hapo daktari ambaye ulimpeleka Fundi kwake ndiye aliyeokoa kazi. Ile barua yake juu ya mguu wenye ganzi, kwamba kuna mshipa wa fahamu umebanwa, iliwekwa mezani. Wakauliza mguu umeanza lini. Fundi angeweza kusema tangu ajali, nani angemkatalia? Akasema, "Mguu ni wa mwezi huu. Nilisukuma kabati nyumbani. Mgongo ndio wa hapa." Msimamizi akaruka juu, "Si mnaona, kabati." Mwenyekiti akamuuliza Fundi kwa nini mtu wa mgongo asukume kabati. Dada, nilitazama sakafu.

Akasema, "Palikuwa na haja ya kulihamisha." Walipomkazania akarudia hivyohivyo.

Waliitoa picha kwenye faili. Wamempa stoo, miezi sita ya kutazamwa, kisha waone. Hakuna aliyesema anamwamini. Fundi aliwashukuru wote kwa kuwapa mkono, msimamizi pia.

Huku meza yangu imekwisha kupewa mwingine. Profesa amenihamishia kufundisha mwaka wa kwanza, wanafunzi mia na ushei wanaotaka kujua kama swali litatoka kwenye mtihani. Bi Desimali hunipitia jioni. Tumeomba tupewe mashine siku za Jumapili, tupime watu wenye maumivu yasiyokatika, na safari hii tuanze kwa kuwauliza. Hatujajibiwa. Nazunguka tu vyumbani, natembea kutoka ubao mpaka dirisha, siwezi kukaa. Wanafunzi wameshanipa jina, hawajaniambia ni lipi.

Vipi nyumbani?

Maswali

*

4 Mei

Mdogo wangu,

Umeuliza vipi nyumbani, nami nimechelewa kukujibu. Fundi amerudi. Asubuhi anakwenda stoo, jioni anarudi, anaoga, anawakagua watoto madaftari. Kabati tulilirudisha mimi na jirani. Mtu akipita nje atasema nyumba hiyo imetulia.

Haumwi, Maswali. Yaani hasemi. Tangu arudi sijamsikia akiguna hata mara moja. Nikimuuliza, "Vipi leo?" ananijibu, "Safi." Nikimkuta amesimama ameshika fremu ya mlango, kidole kimekuwa cheupe kwa kushika, namuuliza, anasema, "Naangalia mvua kama itanyesha." Watoto wameacha ule mchezo wao kwa sababu hakuna tena cha kuigiza. Zamani nilichoka kumsikia. Sasa nalala nimetega masikio kama mwizi, nangoja aseme "aa" tu, nipate mahali pa kushika.

Nilimwambia siku moja, "Lalamika basi." Akacheka, akasema, "Nilalamike kwa nani?" Hakusema kwa ubaya. Aliniuliza tu.

Daktari wa mguu anasema ganzi inaweza kuondoka, inaweza isiondoke. Nikamuuliza kama ni kabati. Akasema mgongo ulikuwa tayari umeumia, kabati liliongeza, kiasi gani hawezi kujua. Watu wenu hamjui mengi, ninyi. Lakini afadhali huyu alisema.

Basi jana nilikuwa nyuma ya nyumba naanika. Nguo za wiki nzima, mashuka, sare za watoto, kamba imejaa mpaka inagusa chini. Nikasikia ananiita kutoka ndani. Hakuniita kwa sauti kubwa. Nikaingia na kibanio mdomoni. Alikuwa sakafuni, katikati ya sebule, hakufika mkekani. Nikafikiri ameanguka. Akasema, "Sijaanguka. Nimejilaza. Mama watoto, leo mgongo unanitesa. Tangu asubuhi unanitesa, stoo nilidhani nitalia mbele za watu."

Nilikaa chini hapohapo. Nikatoa kibanio mdomoni. Akaendelea. Akaniambia jinsi unavyoanza, kama kitu kinachosokotwa pole pole na mtu asiye na haraka, jinsi unavyoshuka mguuni, jinsi anavyoogopa kupiga chafya. Aliongea muda mrefu kuliko alivyoongea tangu arudi. Mengine yalikuwa juu yangu, na siyaandiki hapa, ni yangu.

Katikati ya maneno mvua ikashuka, ile ya kumwaga. Watoto wakapiga kelele uani kwamba nguo zinalowa. Fundi akasema, "Nenda kaanue."

Nikamwambia, "Ziache. Endelea."

Dada yako